Bateni kwenye Ukuta wa Zege: Kazi Ikaguliwe Kabla ya Kufunikwa

Mazungumzo yafuatayo yaliandaliwa kwa ajili ya kikao cha wakaazi na mafundi kuhusu ukarabati wa nyumba. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Kuna kazi moja ya nyumba ambayo imeenea sana mijini na hata vijijini katika miaka ya hivi karibuni. Mtu anaingia sebuleni kwa jirani na kuona ukuta ulio nyuma ya runinga umevalishwa mbao za mapambo, au vibao vya PVC vyenye mistari, au jipsamu iliyopakwa rangi ikang'aa. Anapendezwa. Wiki inayofuata anamtafuta fundi. Kinachosifiwa ni kile kinachoonekana, lakini kinachobeba uzito wote ni vipande vya mbao vilivyojificha nyuma yake, vile ambavyo mafundi huviita bateni. Kwa kawaida ni mbao za mbili kwa moja, yaani inchi mbili kwa upana na inchi moja kwa unene, zilizofungwa kwenye ukuta ili vibao vipate mahali pa kushikilia.

Tatizo la kazi hii ni kwamba inafichwa siku ile ile inapofanywa. Asubuhi bateni zinafungwa, jioni zimefunikwa. Baada ya hapo mwenye nyumba hawezi kuziona, mpangaji hawezi, na hata fundi mwenyewe akirudi mwaka ujao hawezi kusema kwa uhakika alitumia nini. Nyumba ikipakwa rangi vibaya, kosa linaonekana na kila mgeni. Bateni ikifungwa vibaya, kosa linaonekana siku kabati linapoanguka. Ndiyo maana mazungumzo ya leo yanahusu zile saa chache tu ambazo ukuta bado uko wazi.

Jambo la kwanza ni kuujua ukuta. Wengi husema "ukuta wa zege" wakimaanisha ukuta wowote mgumu wenye plasta. Ukweli ni kwamba nyumba nyingi hapa nchini zina nguzo na mihimili ya zege iliyofungwa nondo, na katikati yake kuna mawe ya kuchongwa au bloku za saruji, nyingine zikiwa na matundu ndani. Pwani kuna nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizi zote zikishapigwa plasta na kupakwa rangi, zinafanana. Haziwezi kufungwa bateni kwa namna moja.

Fundi makini hutoboa tundu moja la majaribio mahali patakapofunikwa, kisha hutazama na kusikiliza. Plasta hutoka haraka, kwa kina cha karibu milimita 12 hadi 15. Baada ya hapo, kama drili inaanza kupambana na vumbi linatoka la kijivu na laini kama unga, hapo ni zege. Kama drili inapenya ghafla kana kwamba imeangukia mahali patupu, hiyo ni bloku yenye matundu, na rolplagi ya kawaida haitashika pale. Inahitajika ile inayofunguka kwa ndani, au fundi asogee hadi kwenye sehemu ya bloku iliyojaa. Kama vumbi ni jeupe na tundu linapanuka lenyewe, huenda ni matumbawe. Huko drili izungushwe bila kugonga, na nyumba ikiwa katika eneo la kihistoria, kama vile Mji wa Kale wa Lamu, mwenyewe aulize kwanza ofisi ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kutoboa chochote. Tundu moja la majaribio huchukua dakika mbili. Ni ajabu jinsi linavyorukwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo kuta nyingi huharibikia. Njia iliyozoeleka ni kupigilia bateni kwa misumari ya stili ya inchi mbili. Ni ya bei nafuu, ni ya haraka, na haihitaji drili wala stima. Lakini inchi mbili ni milimita 50. Bateni yenyewe inameza milimita 25. Plasta inameza 15. Kinachobaki ndani ya zege ni milimita 10, sentimita moja tu. Nyumba nzima ya mapambo imening'inia kwenye sentimita moja. Isitoshe, kila pigo la nyundo linavunjavunja plasta iliyo kuzunguka msumari, na mara nyingine linapasua zege lenyewe juu juu. Bateni inaonekana imekaza siku hiyo. Mlango ukibamizwa mara mia mbili, msumari umeshaanza kulegea.

Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kwa skrubu ya inchi tatu, yaani milimita 75, mambo yanabadilika. Baada ya bateni na plasta, zinabaki milimita 35 ndani ya zege, na kichwa cha skrubu kikizamishwa kidogo kwenye mbao zinapatikana nyingine mbili tatu. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya msumari, na zaidi ya hapo, skrubu inashika kwa njia tofauti kabisa. Plasta haihesabiwi. Plasta ni nguo ya ukuta, na hakuna mtu anayemning'iniza mtoto kwa shati lake.

Skrubu haishiki zege moja kwa moja; inashika ile plagi ndogo ya plastiki ambayo mafundi huiita rolplagi. Jina hilo lina historia yake. Linatokana na mkandarasi wa London aliyeitwa John Joseph Rawlings, ambaye mwaka 1911 alitafuta njia ya kufunga vifaa kwenye ukuta bila kuuchimba vibaya. Kabla ya hapo mafundi walichonga tundu kubwa kwa patasi, wakapigilia kipande cha mti, kisha wakafunga skrubu kwenye mti huo. Plagi zake za mwanzo zilitengenezwa kwa nyuzi za mmea wa juti, si plastiki. Wako mafundi ambao hadi leo hujaza tundu kwa njiti za kiberiti au kipande cha mbao. Hao wanafanya kazi ya kabla ya 1911. Mti ukikauka unanywea, na skrubu inazunguka bure.

Rolplagi hufanya kazi kwa kutanuka. Skrubu inapoingia, inaisukuma plastiki kwenye kuta za tundu, na ule mbano ndio unaoshikilia. Kwa hiyo tundu likiwa pana kuliko plagi, hakuna mbano. Rolplagi ya milimita 8 inataka biti ya milimita 8, siyo 10 "ili iingie vizuri". Tena ni lazima ikae ndani ya zege, si ndani ya plasta. Rolplagi ya milimita 40 ikiachwa mdomo wake sawa na uso wa ukuta, milimita 15 za mwanzo zimekaa kwenye plasta na hazisaidii kitu. Inafaa isukumwe hadi mdomo wake upite plasta, au fundi anunue zile ndefu zinazopita ndani ya bateni yenyewe na kuingia kwenye zege kwa pamoja.

Kina cha tundu kizidi urefu wa plagi kwa kama milimita 10, kwa kuwa vumbi hubaki chini hata baada ya kusafishwa. Njia rahisi ni kuzungushia biti kipande cha utepe mahali pa kuishia. Kwa plagi ya milimita 40 na plasta ya milimita 15, utepe unakaa milimita 65 kutoka kwenye ncha. Kama fundi anatoboa kupitia bateni, unakaa milimita 90. Vumbi litolewe kwa brashi ndogo au pampu ya mkono. Lisipotolewa, plagi inakalia unga na inachomoka na unga wake. Drili ikigoma ghafla na kuanza kulia kwa sauti kali, imegusa nondo. Hapo fundi asilazimishe. Asogeze tundu sentimita tatu au nne. Nondo hizo ndizo zinazoibeba nyumba.

Akilipuliza tundu kwa mdomo, fundi analivuta vumbi hilo yeye mwenyewe. Vumbi la zege na mawe lina silika, na chembechembe zake ndogo kabisa, zile zisizoonekana, huingia ndani ya mapafu na kubaki humo. Husababisha ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuondoa, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka silika inayovutwa kazini katika kundi la visababishi vya saratani tangu mwaka 1997. Tundu moja halimuui mtu. Lakini fundi hatoboi tundu moja. Ukuta mmoja wa sebule unaweza kuhitaji matundu arobaini, na wiki ijayo kuna ukuta mwingine. Leso iliyofungwa usoni haizuii chembechembe hizo. Inahitajika barakoa ya kiwango cha N95 au zaidi, na miwani ya kukinga macho. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwenye nyumba naye afungue madirisha na kuwatoa watoto kwenye chumba hicho, hata kama wanapenda sana kutazama drili.

Kuhusu stima, maneno ni machache. Nyaya zilizochimbiwa ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Kwa hivyo fundi asitoboe juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari ulionyooka, na asitoboe pembeni yake kwa usawa huo huo, kwa kuwa wako waliopitisha nyaya kwa kulala. Mabomba ya maji nayo hufuata mifereji yao kwa namna hiyo. Drili ya betri inaruhusu swichi kuu kuzimwa wakati wa kutoboa mahali penye shaka. Na kama ukuta mpya utahitaji soketi kusogezwa mbele au taa za mapambo kuongezwa, hiyo ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Seremala mzuri anajua mipaka yake. Waya uliounganishwa kwa utepe na kuachwa nyuma ya mbao kavu ni moto unaosubiri siku yake.

Unyevu unastahili kuzungumziwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu wengi wanaovalisha kuta mbao wanafanya hivyo ili kuuficha. Rangi inabambuka, chini ya ukuta kuna alama za maji, unga mweupe wa chumvi unatoka kila baada ya mvua, na mwenye nyumba anasema, "Tufunike tu." Ukuta ukifunikwa, unyevu hauondoki. Unapoteza tu mahali pa kutokea. Unaingia kwenye bateni, mbao inavimba na kuota kuvu, skrubu inashika kutu, na harufu ile ya chumba kilichofungwa inaanza baada ya masika moja. Nyumba iliyo na mtoto mwenye pumu inaijua harufu hiyo.

Kuna kipimo ambacho hakigharimu chochote. Mwenye nyumba achukue kipande cha nailoni angavu, cha mraba wa kama sentimita 45, akibandike kwenye ukuta na kuziba kingo zote nne kwa utepe. Akiache kwa siku moja au mbili, kisha akitazame. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, au ukuta umebadilika rangi pale, basi maji yanatoka ukutani. Matone yakiwa upande wa nje, unaotazama chumba, ni hewa ya chumba iliyojaa mvuke, na dawa yake ni madirisha. Kipimo hiki kina maana zaidi kikifanywa katika msimu wa mvua. Ukuta wa Kigamboni, wa Kisauni au wa Malindi unaopimwa Januari unaweza kudanganya.

Maji yakitoka ukutani, kazi ya bateni isimame. Kwanza itafutwe asili yake: mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja, udongo uliorundikwa nje hadi juu ya msingi, au msingi uliojengwa bila kizuizi cha unyevu. Baada ya chanzo kurekebishwa, ukuta uachwe ukauke. Hali kadhalika kwa nyumba mpya. Zege huhesabiwa kuwa limefikia nguvu zake za kazi baada ya siku 28, lakini kukauka kwake huchukua muda mrefu zaidi ya huo, hasa pwani ambako hewa yenyewe ni nzito. Mwenye nyumba anayetaka kuhamia kabla ya Krismasi hapendi kusikia hivyo.

Mbao nazo zina mambo yake. Saiprasi inayouzwa barabarani mara nyingi imepasuliwa juzi na bado ni mbichi. Ikifungwa hivyo, itanywea na kujikunja ikiwa tayari imefunikwa, na vibao vitaachana kwenye viungio. Inunuliwe mapema na kupangwa ndani ya nyumba ile ile kwa wiki kadhaa, vipande vikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Mbao iwe imetiwa dawa ya mchwa, na kila ncha iliyokatwa ipakwe dawa upya, kwa kuwa msumeno unafungua mlango mpya. Mchwa hupenda sana nafasi iliyo nyuma ya vibao: kuna giza, kuna utulivu, na chakula kiko pale pale. Upande wa chini, bateni na vibao viinuliwe kama sentimita moja kutoka sakafuni ili maji ya kupigia deki yasifyonzwe. Skrubu ziwe za mabati au zisizoshika kutu. Nyumba za karibu na bahari zikitumia skrubu nyeusi za jipsamu kwenye ukuta wa nje, zitajuta.

Mpangilio hutegemea kile kitakachofungwa juu. Jipsamu na plaiwudi huuzwa kwa futi nne kwa nane, yaani karibu milimita 1,220 kwa 2,440. Bateni zikipangwa kila milimita 610 kutoka katikati hadi katikati, kiungio cha vibao viwili kinaangukia katikati ya bateni. Kwa ukuta utakaogongwagongwa, kama wa darasa la chekechea, afadhali kila milimita 406, ambayo nayo inagawanya 1,220 mara tatu. Vibao vya PVC vinavyosimama wima vinataka bateni zilizolala, na bateni zilizolala ziachwe na mapengo hapa na pale ili hewa ipande. Kila bateni ipate skrubu kila milimita 400 hadi 600, na zile za mwisho zisikaribie ncha kwa chini ya sentimita tano, la sivyo mbao itapasuka.

Kuta hazijanyooka. Hata zile zilizojengwa na wakandarasi wakubwa. Fundi avute uzi kutoka kona hadi kona, aweke pimamaji, atafute mahali ukuta ulipojitokeza zaidi, na hapo ndipo aanzie. Sehemu zilizoingia ndani zijazwe vipande vya plaiwudi nyuma ya bateni, pale pale skrubu inapopita. Anayekaza skrubu hadi bateni ijipinde kufuata shimo la ukuta amefuta faida yote ya kutumia bateni. Na kila unene wa kipande anachoongeza, aongeze urefu wa skrubu kwa kiasi hicho hicho. Ile hesabu ya milimita 35 haibadiliki.

Halafu kuna uzito. Kibao cha mapambo hakibebi kitu. Runinga kubwa, rafu ya vyombo na kabati la jikoni vifungwe kwenye bateni nene zaidi iliyokazwa moja kwa moja kwenye zege, au skrubu zake zipite hadi zegeni, na mahali pake pawekewe alama kabla ya kufunika. Kabati tupu ni jepesi. Likijazwa sahani, sufuria na unga wa wiki mbili, ni kitu kingine. Na mtoto wa miaka mitatu akitaka kufikia sukari, atalikwea.

Yamebaki mambo ya mapatano, na hapa lawama zigawanywe sawasawa. Mafundi wengi wanaijua kazi hii vizuri kabisa. Wengine wamepita mitihani ya NITA au wametambuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Lakini mwenye nyumba akiwaita watatu na kumchagua wa bei ya chini bila kuuliza ni vifaa gani atakavyotumia, yule wa bei ya chini lazima apunguze mahali fulani, naye atapunguza mahali pasipoonekana. Skrubu na rolplagi ni sehemu ndogo ya gharama ya ukuta ikilinganishwa na vibao. Ziandikwe kwenye makubaliano: aina, urefu, na umbali kati ya moja na nyingine. Malipo yagawanywe, na sehemu moja ilipwe baada ya bateni kukaguliwa na kabla ya vibao kufungwa. Fundi mwadilifu hupenda mpango huo, kwa sababu unamtofautisha na mwenye misumari ya inchi mbili.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mtaalamu. Mwenye nyumba ashike bateni moja kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu, karibu na skrubu na katikati ya skrubu mbili. Isitikisike, isilie. Aombe skrubu moja ifunguliwe aupime urefu wake kwa rula. Apitishe pimamaji au ubao ulionyooka juu ya bateni zote. Anusie ukuta, naam, anusie.

Mpangaji aanze kwa mwenye nyumba. Ruhusa ya kutoboa ipatikane kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ikieleza nani atajaza matundu siku ya kuhama. Bila hivyo, rehani ya nyumba hugeuka ugomvi. Wale wa ghorofani wakumbuke pia kwamba sauti ya drili kwenye zege husafiri orofa nzima. Kutoboa kufanywe mchana, na jirani mwenye mtoto mchanga aarifiwe.

Mwisho, kabla ya kibao cha kwanza kupanda, apige picha za ukuta mzima kwa simu: bateni zote, soketi, na mahali nyaya na mabomba yanapopita, huku futi ya kupimia imelazwa ukutani ili vipimo visomeke. Picha hizo atumiwe fundi, na nakala ibaki kwa mwenye nyumba. Atakayekuja miaka mitano ijayo kutundika saa ya ukutani atazihitaji.